Kabla ya Kushusha Giaboksi

Toyota RAV4 za otomatiki za modeli za 2001 hadi 2003 zilizouzwa Marekani ziliwasumbua sana wenye nazo. Gari lilibadili gia kwa kishindo, siku nyingine likatulia kana kwamba halina tatizo, kisha likaanza upya. Taa ya injini ikiwaka, mashine ya kupima ilitoa misimbo ya solenoidi za kubadilishia gia, mfano P0753. Kwa kuwa solenoidi zimo ndani ya giaboksi, giaboksi ikabeba lawama. Wako walioishusha, wakafunga nyingine, na kishindo kikabaki palepale. Ubovu ulikuwa kwenye kontroboksi, ile kompyuta inayoamuru injini na gia. Hatimaye Toyota iliongeza dhamana ya kifaa hicho kwa modeli hizo hadi miaka 10 au maili 150,000.

Haikuwa mara ya mwisho. Mwaka 2010 kampuni hiyohiyo iliita Corolla na Matrix za modeli za 2005 hadi 2008 zirudishwe kurekebishwa, takriban milioni 1.13 kwa Marekani peke yake, kwa sababu lehemu ndani ya kontroboksi ziliweza kupasuka. Miongoni mwa dalili zilizotajwa ni gia kuingia kwa kishindo.

Kosa la uchunguzi lilianzia kwenye kuusoma ule msimbo. P0753 haisemi kwamba solenoidi imekufa. Inasema njia ya umeme ya solenoidi A ina hitilafu, na njia hiyo inahusisha koili, waya, soketi na sehemu ya kontroboksi inayopeleka umeme. Mashine imetaja mtaa, haijataja nyumba.

Nyumba inatafutwa kwa mita. Zima gari, chomoa soketi upande wa kontroboksi, pima ukinzani kutoka hapo. Kwenye giaboksi nyingi za Toyota za kizazi hicho, solenoidi ya kuwaka na kuzima inasoma omu 11 hadi 15 katika nyuzi 20 za Selsiasi. Zile zinazorekebisha presha kidogokidogo husoma omu 5.0 hadi 5.6. Faida ya kupimia upande huo ni kwamba kipimo kimoja kinapita kwenye waya wote hadi kwenye koili. Rudia giaboksi ikiwa ya moto, huku ukitikisa waya, maana hitilafu inayokuja na kuondoka huwa haionekani asubuhi gari likiwa baridi. Kisha ipe solenoidi umeme wa betri usikilize kama inalia “tik”. Zile za presha usizipe moja kwa moja, zitaungua: pitisha umeme kwenye balbu ya wati 21, kama ya taa ya breki.

Halafu kuna kipimo ambacho ningekilazimisha katika kila gereji, nacho hakihitaji hata mashine. Chomoa soketi ya solenoidi kwenye giaboksi, endesha gari taratibu mahali pa wazi, uhamishe mkono wa gia mwenyewe. Bila umeme, kila nafasi ya mkono inapaswa kutoa gia maalumu iliyoandikwa kwenye kitabu cha modeli. Gia zikitoka kama kitabu kinavyosema, chuma na klachi vina nafasi kubwa ya kuwa salama na unarudi kwenye umeme. Zisipotoka, au gari likiteleza, tatizo liko ndani. Ukimaliza, rudisha soketi na ufute misimbo uliyoizalisha mwenyewe.

Kwetu hatua hizi hurukwa kwa sababu inayoeleweka. Gerezani pale Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, giaboksi ya mtumba hupatikana haraka kuliko kitabu cha modeli. Fundi anayebadilisha nzima si mjinga. Wakati mwingine hiyo ndiyo kazi nafuu kwa mteja. Shida ni pale anapobadilisha ili kujua ugonjwa.

Oili nayo inasahaulika kwa namna ya ajabu. Kwenye giaboksi yenye dipstiki, hupimwa injini ikiwa ya moto na inaunguruma, gari mahali tambarare, baada ya kupitisha mkono katika nafasi zote na kuurudisha P. Harufu ya kuungua ni habari mbaya. Rangi ya maziwa ni mbaya zaidi: maji ya rejeta yameingia. Na oili za T-IV, WS na CVT si kitu kimoja, hata muuza duka aseme nini.

Ikiwa vipimo vyote vinaelekeza ndani, bado usifungue. Breki zikiwa zimekazwa, toa N uweke D na uhesabu mpaka gari lishtuke. Vitabu vya Toyota hutaka chini ya sekunde 1.2, na chini ya 1.5 kwa R. Kuchelewa kwa D peke yake kunaashiria klachi ya mbele au presha yake. Kuchelewa kwa zote mbili kunaelekeza kwenye presha kuu, yaani pampu, chujio au vali. Funga geji ya presha uhakikishe. Baadaye teremsha sampu uitazame pamoja na sumaku yake. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vyeusi vya klachi au chembe za shaba vinamaanisha giaboksi inashuka, safari hii kwa ushahidi.

Ikishuka, safisha mabomba ya kupozea oili na kipozeo chenyewe kabla ya kufunga iliyofanyiwa kazi. Uchafu wa klachi iliyoungua hukaa humo, na oili ya kwanza kuzunguka huurudisha wote kwenye vali mpya.