Pembe ya Droo

Vuta droo ya kabati la mninga lililotengenezwa kwa mkono, uitazame ubavuni, pale ubao wa mbele unapokutana na ule wa kando. Ukiona meno yaliyopanuka ncha kama mkia wa njiwa, bila kichwa cha msumari hata kimoja, ujue kuna seremala aliyeinama hapo kwa saa nyingi.

Huanza kwa randa na guni, kwa kuwa ubao uliopinda hautoi kiungo kizuri. Kisha huchora mikia kwa mshazari: moja kwa sita kwa mbao laini, moja kwa nane kwa mbao ngumu. Mshazari ukizidi, ncha hukatika. Ukipungua, kiungo hakishiki. Halafu huja msumeno wa meno madogo, nao sharti upite upande wa kipande kinachotupwa, mstari wenyewe ubaki ukionekana. Hapa ndipo penye kazi. Kosa la unene wa penseli huacha mwanya ambao kila mtu atauona.

Patasi huchimba hadi katikati tu, kisha ubao hugeuzwa, ichimbe tena kutoka upande wa pili, nyuzi zisichanike. Mikia iliyokwisha kukatwa ndiyo hutumika kuchorea ubao mwenzake, hivyo kila pembe ina mwenza mmoja tu duniani.

Msumari hulegea kwa kuvutwavutwa. Mikia hii haichomoki kwa upande wa kuvutwa, hata gundi ikichoka. Nasi dukani huulizia bei ya vanishi na vishikio.