Albamu Iliyorekodiwa Bila Kuta

Ukiisikiliza Très Très Fort, albamu ya kwanza ya Staff Benda Bilili wa Kinshasa, kila ala imekaa mahali pake. Besi haimezi magita, na waimbaji hawakanyagani. Kumbe studio yenyewe haikuwepo. Nyimbo zilirekodiwa nje, nyingi kati yake katika bustani ya wanyama ya Kinshasa, palepale bendi ilipozoea kufanyia mazoezi. Vincent Kenis, prodyuza Mbelgiji aliyekwisha kuirekodi bendi ya Konono N°1, alitumia kompyuta mpakato na maikrofoni dazani moja hivi. Umeme ulivutwa kwa waya wa mita 100 kutoka kwenye kibanda cha vinywaji kilichokuwa kimeachwa. Lebo ya Crammed Discs ikaitoa albamu mwaka 2009.

Njia ya kawaida walikuwa wamekwisha kuijaribu. Waliingia studio, lakini moto uliteketeza kituo walichokuwa wakiishi wanamuziki wenye ulemavu, na kazi ikakatika.

Bustani ile inasikika vizuri kwa sababu inayoeleweka. Chumbani, sauti hugonga ukuta na kurudi kwenye maikrofoni ikiwa imechelewa kidogo. Chumba kibaya hulitia kila neno ukungu. Nje hakuna ukuta, hivyo kinachoingia ni mdomo, uzi na ngozi ya ngoma, basi. Tatizo linalobaki ni jirani. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo sauti ya ngoma iliyo mita tatu kutoka kwa mwimbaji hufika kwenye maikrofoni ya mwimbaji huyo baada ya karibu milisekunde 9. Ukiichanganya ovyo na sauti ya maikrofoni ya ngoma yenyewe, ngoma inapoteza makali. Dawa yake ni kusogeza maikrofoni karibu kabisa na chanzo, na kuwapanga watu vizuri kabla ya kurekodi. Uhodari wa fundi unaonekana hapo, zaidi ya bei ya vifaa vyake.

Halafu kuna satonge. Roger Landu, kijana aliyepiga muziki mitaani kabla ya kuchukuliwa na wazee wa bendi, aliiunda mwenyewe: kopo la bati, kijiti kilichopinda kama upinde, na uzi mmoja wa waya wa umeme uliokazwa kati ya hivyo viwili. Haina vituo vya kubana kama gita. Mkono mmoja unadonoa uzi, mwingine unausukuma na kuuachia upinde, na noti inapanda au kushuka kadiri uzi unavyokaza. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Ili noti ipande oktava nzima kwa uzi wa urefu uleule, mkazo lazima uongezeke mara nne, na hakuna alama yoyote inayomwonyesha mpigaji amefika wapi. Anaongozwa na sikio tu. Ndiyo maana satonge inateleza na kulia kama koo la mtu, na ikipitishwa kwenye ampilifaya inachukua nafasi ambayo bendi ya rock ingempa mpiga gita la solo.

Msomaji wa Kailo, mkoani Maniema, analijua bati la kopo hilo kutoka upande mwingine. Kasiteriti inayochimbwa katika eneo hilo ndiyo madini yanayotoa bati, metali inayopakwa kwenye makopo ya chakula na kutumika kulehemu nyaya za ampilifaya. Vijana wa Kailo na Kindu wenye gita na simu, wanaoamini kwamba bila studio ya Kinshasa au Goma hawawezi kuanza, wanastahili kuujua mpangilio ule wa bustanini kipimo kwa kipimo.

Albamu iliibeba bendi hadi Ulaya. Ricky Likabu, Coco Ngambali na wenzao waliougua polio utotoni walipanda jukwaani wakiwa kwenye viti vyao vya magurudumu, na mwaka 2010 filamu yao, Benda Bilili!, ikaonyeshwa Cannes.

Bendi ilivunjika mwaka 2013. Coco na mwenzake Theo Nzonza wakaunda Mbongwana Star, na mwaka 2015 wakatoa From Kinshasa wakiwa na prodyuza Liam Farrell, maarufu kama Doctor L. Huko rock mbadala imeingia waziwazi: sauti zimekwaruzwa makusudi, besi inanguruma, mwangwi umeongezwa kwa mashine. Anayetaka kusikia hasa Kenis alifanya nini bustanini azisikilize albamu hizi mbili kwa kufuatana, kwa visikizi, na masikio yake ayaelekeze kwanza kwenye ngoma.