Misa Luba na Ukanda Unaozeeka

Misa Luba ya waimbaji wa Kamina, iliyonaswa mwaka 1958 chini ya Padri Guido Haazen, tunaisifu: maneno ni Kilatini, sauti na ngoma ni zetu. Hawakusoma noti, walitunga wakiimba. Noti zilizochapwa baadaye ni kivuli tu. Uzuri wenyewe umo katika sauti iliyonaswa.

Lakini ukanda hufa. Ule wa asetati, wa miaka ile, hunuka siki, hujikunja, hukatika. Kanda nyingi za miaka ya 1970 hunyonya unyevu zikanata. Hizo hupashwa moto wa digri 54 hivi kwa saa kadhaa, kisha hunakiliwa upesi. Asetati isipashwe kamwe!

Basi, wenye kanda za kwaya parokiani wazinakili leo. Kivuli hakiimbi.