Riwaya mbili za sayansi: nani anaulizwa kabla ya jaribio kuanza?

Wasomaji wengi wa riwaya za kisayansi wana kipimo kimoja tu: hesabu zake zinakubali au hazikubali? Ni kipimo kizuri, ila peke yake hakitoshi. Hebu tukitumie kwa riwaya mbili za miaka ya karibuni, kisha tuongeze cha pili.

Ya kwanza ni Project Hail Mary ya Mmarekani Andy Weir, iliyotoka 2021. Jua linafifia kwa sababu ya vijidudu vinavyonyonya nishati yake. Mwalimu wa sayansi, Ryland Grace, anaamka ndani ya chombo cha angani akiwa hakumbuki hata jina lake. Anajuaje kwamba hayuko duniani? Anaangusha vitu na kupima muda, anakuta kasi inaongezeka mita 15 kwa sekunde kila sekunde, badala ya 9.8 tuliyoizoea. Halafu anatumia pendulumu kuhakikisha kwamba hayumo ndani ya mashine inayozunguka. Yaani ni fizikia ya sekondari kabisa! Chukua uzi wa mita moja na jiwe: hapa duniani litakwenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi. Kule kwa Grace ingekuwa sekunde 1.6.

Kuna mahali sayansi inalegea. Vijidudu vile vinahifadhi nishati kwa kufungia nutrino ndani ya seli. Nutrino halisi zinapenya Dunia nzima karibu bila kugusa kitu, sasa ukuta wa seli utazizuiaje? Hapo tunamsamehe, maana akishatunga uongo huo mmoja anaufuata kwa uaminifu hadi mwisho.

Sahara ndiyo ngumu kusamehe. Ili kuzalisha vijidudu vya kutosha kuwa mafuta ya chombo, wakubwa wanaamua kufunika eneo kubwa la jangwa kwa paneli nyeusi. Tunaelezwa habari za joto na hali ya hewa. Watuareg na Watubu, ambao huko ni kwao, hawaulizwi kitu. Utasema dunia inakufa, hakuna muda wa vikao. Sawa, lakini kitabu hichohicho kinampa nafasi mtaalamu wa tabianchi aumie waziwazi kabla ya barafu ya Antaktika kulipuliwa. Nafasi ya kuumia ilikuwepo, ila watu wa jangwani hawakupewa.

Ndiyo maana nashauri usome pia The Old Drift ya Mzambia Namwali Serpell, iliyotoka 2019 na kushinda tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2020. Humo kuna bwawa la Kariba kwenye mto Zambezi, ukuta wa mita 128, kazi kubwa ya uhandisi ya miaka ya 1950. Katika historia halisi, Watonga zaidi ya 50,000 walihamishwa ili maji yapate pa kukaa. Serpell hawasahau. Anafuata familia tatu kwa vizazi vitatu, hadi wakati ujao wenye droni ndogo kama mbu, vifaa vya elektroniki vilivyopachikwa mkononi na chanjo ya VVU. Kila teknolojia inapoingia, anauliza inajaribiwa kwenye mwili wa nani.

Kina kasoro pia. Ni kirefu, wahusika ni wengi, na wakati ujao wenyewe unachelewa mno kufika, ukifika, unakimbizwa. Mpenzi wa hesabu atabaki na njaa.

Kama huna mazoea na riwaya hizi, anza na Weir, utamaliza ndani ya siku chache. Kisha soma Serpell polepole, halafu rudi kwenye ile sura ya Sahara uone kama utaisoma vilevile. Sisi tunaosomea sayansi tunalihitaji zoezi hilo kuliko wengine. Kesho ni sisi tutakaoandika mapendekezo ya utafiti, na ramani mezani huwa haionyeshi nani anaishi pale.