Sauti Mpya Mbele ya Uso Usiosema

Filamu iitwayo La Passion de Jeanne d'Arc, iliyoongozwa na Carl Theodor Dreyer wa Denmark na kuonyeshwa mara ya kwanza mjini Copenhagen mwaka 1928, haina sauti. Inasimulia kesi ya msichana aliyechomwa moto mjini Rouen mwaka 1431 kwa hukumu ya mahakama ya kanisa. Toleo lake la kwanza lilidhaniwa limepotea kabisa, hadi nakala yake ilipopatikana mwaka 1981 katika hospitali ya magonjwa ya akili karibu na Oslo. Tangu hapo watunzi kadhaa wameiandikia muziki. Hapa tunautazama ule wa Waingereza Adrian Utley na Will Gregory, uliopigwa kwanza mjini Bristol mwaka 2010, wanamuziki wakiwa mbele ya watazamaji, kwa magitaa ya umeme, sintesaiza na waimbaji.

Msomaji aweza kuuliza: vyombo vya umeme vina haki gani ya kuingia katika kesi ya karne ya 15? Swali ni halali, ila yatupasa kuliuliza pia kuhusu muziki wa kale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Lo Duca alitoa toleo lililotiwa muziki wa Bach, Vivaldi na Albinoni, na Dreyer hakuliridhia. Muziki huo nao ulitungwa karibu miaka 300 baada ya Rouen. Tofauti ni kwamba masikio yetu yamekwisha kuuhesabu kuwa mtakatifu.

Hapo ndipo penye hatari. Katika filamu hii anayehukumiwa na wanaohukumu wote hunena kwa maneno ya kanisa. Askofu Cauchon na wanatheolojia wenzake humtaja Mungu. Jeanne naye humtaja. Hata Ekaristi huletwa mbele yake ili kumshurutisha atie sahihi, kisha huondolewa. Muziki wa ibada ukimiminwa juu ya picha hizo huwavika wote joho moja, au humpa mtazamaji jibu kabla hajautazama uso wa Falconetti, aliyeigiza Jeanne. Sintesaiza haina joho la kumvika mtu. Mtazamaji anaachiwa kazi ya kupambanua, kazi ambayo mahakama ile ilishindwa kuitenda ipasavyo. Hukumu yake ilitanguliwa mwaka 1456.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kila kilicho kipya ni chema. Umeme una nguvu ambayo nyuzi na zumari hazina: waweza kuufunika uso kwa kishindo, hasa penye moto wa mwisho. Waimbaji nao waweza kulirudisha kwa mlango wa nyuma lile joho tulilolivua. Tena filamu haimsubiri mpigaji. Ikiendeshwa kwa picha 20 kwa sekunde huchukua takriban dakika 97, na kwa picha 24 takriban 81. Atungaye hana budi kuifuata, wala si kuiburuta.

Kwa sababu hiyo twaupima muziki wa namna hii kwa kipimo tunachopaswa kuyapimia mahubiri: je, umemwezesha msikilizaji kuliona lililo mbele yake, au umeliona kwa niaba yake? Waliomhukumu Jeanne walikuwa wasomi wa theolojia. Hawakukosa maneno, walikosa kumtazama.