Siku Zisizo na Tarehe

Mei 1568, Mary Stuart, malkia wa Uskoti, alivuka ghuba kwa mashua ya wavuvi na kushuka Uingereza, akitumaini hifadhi ya binamu yake, Malkia Elizabeth wa Kwanza. Tarehe 8 Februari 1587 alikatwa kichwa katika ngome ya Fotheringhay. Mwanahistoria ana mengi ya kutueleza kuhusu siku hizo mbili. Katikati yake kuna takriban miaka 19 ya mwanamke aliyeamka, akavaa, akasali, akala, akalala, na kila usiku ufunguo ukawa mkononi mwa mtu mwingine. Miaka hiyo haina vita wala mikataba. Ni siku zisizo na tarehe, na sijui fani nyingine inayoweza kuziingia kama riwaya ya kihistoria.

Msidhani mwandishi wa riwaya hiyo anaanza na ukurasa mtupu. Wafungwa wa kifalme wameandikwa sana, ila aliyeandika ni mlinzi. George Talbot, Earl wa Shrewsbury, aliyemlinda Mary kwa muda mrefu kuliko wote, alipeleka barua nyingi kwa wakubwa wake: afya ya mfungwa, wageni wake, gharama za meza yake, fedha zisizotosha. Ukizisoma unamwona Mary kama mzigo uliowekwa katika nyumba ya mtu. Kazi ya mtunzi ni kuhamia upande wa pili wa mlango na karatasi ileile mkononi. Pale mlinzi anapotaja kwamba malkia amelalamikia unyevu wa ngome ya Tutbury, mtunzi anaupitisha mkono kwenye plasta, anausikia upepo wa kilimani ukipenya, anayahisi magoti ya mwanamke aliyeingia Uingereza akiwa kijana wa miaka 25 na ambaye sasa anaomba ruhusa ya kwenda Buxton kukanda viungo kwa maji ya moto.

Kuna pia uzi. Kwa miaka kadhaa Mary aliketi akitarizi pamoja na Bess wa Hardwick, mke wa mlinzi wake. Kazi zao zipo hadi leo. Nyingine zinaonekana Oxburgh Hall, Norfolk. Kipande kimoja kina paka mwekundu na panya karibu naye, na wengi wameona humo nywele nyekundu za Elizabeth. Mimi navutwa zaidi na zile sindano mbili. Mke wa mlinzi na mfungwa wa mlinzi, mchana kutwa, wakichagua rangi. Walizungumza nini? Hakuna aliyekuwa pale na kalamu. Mwandishi mzembe atawapa njama. Mwandishi mzuri atawapa maneno ya watu waliochokana lakini bado wanahitajiana, kisha atamwacha mmoja wao aombe mkasi.

Msomaji wa Kiswahili haingii mgeni katika hadithi hizi. Anamjua Fumo Liyongo gerezani, na mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani, ukapita mbele ya askari kwa sababu ulikuwa chakula cha kudharauliwa. Kwa Mary kilichopita mlangoni kilikuwa pipa la bia. Mwaka 1586, huko Chartley, barua zake za siri ziliingia na kutoka ndani ya mapipa, naye akaamini amepata tundu la kupumulia. Kumbe tundu lenyewe lilitobolewa na watu wa Walsingham, mkuu wa majasusi wa Elizabeth, waliosoma kila barua. Hapo ndipo ustadi unapojaribiwa, kwa kuwa sisi wasomaji tunajua na yeye hajui. Mtunzi hana ruhusa ya kumnong'oneza wala ya kumfungulia mlango. Anabaki naye katika furaha ya barua ya kwanza, na furaha hiyo lazima iwe ya kweli, vinginevyo msiba unaofuata hautakuwa na uzito.

Friedrich Schiller, katika tamthilia yake ya mwaka 1800, aliwakutanisha Mary na Elizabeth uso kwa uso. Katika maisha hawakuonana hata mara moja. Naelewa kwa nini jukwaa lilimdai tukio hilo, na nguvu yake haina ubishi. Hata hivyo, heshima yangu kubwa naiweka kwa anayekubali kwamba hawakuonana, akajenga kitabu kizima juu ya mkutano ulioombwa mwaka baada ya mwaka na haukuja.

Mfano unaonikaa moyoni kuliko wote ni wa Hispania. Juana, malkia wa Castilla tangu 1504, alifungiwa Tordesillas mwaka 1509 kwa amri ya baba yake, Fernando, kwa hoja kwamba hana akili timamu. Alifia humo 1555, na miaka yote hiyo jina la malkia lilikuwa bado lake. Baba alifariki Januari 1516. Juana hakuambiwa. Marquis wa Denia, aliyewekwa na Carlos, mwana wa Juana mwenyewe, kuwa mlinzi kuanzia 1518, aliendelea kumzungumzia mfalme kana kwamba yu hai. Mpaka 1520, waasi wa Castilla walipoingia mjini, ndipo ukweli ulipomfikia.

Kwa hiyo Denia naye alikuwa mtunzi. Alimbuni mtu aliye hai, akamjengea mwanamke mmoja ulimwengu wa uongo, na ulimwengu huo ukawa ukuta mnene kuliko wa mawe. Mwandishi wa riwaya anatumia zana zilezile, kubuni na kusemea wasiokuwepo, lakini mbele ya msomaji anayejua kwamba hadithi imebuniwa, na kwa nia ya kumrudishia Juana akili aliyonyang'anywa. Fikiria binti yake wa mwisho, Catalina, aliyelelewa ndani ya kifungo hicho hadi 1525, alipoondoka akiwa na takriban miaka 18 kwenda kuolewa na mfalme wa Ureno. Mama alibaki miaka 30 mingine. Ni kalamu gani iliyoandika asubuhi ya pili baada ya safari ile? Ile ya kwanza ina farasi na masanduku. Ya pili ina kiti tu, na ndiyo ninayotaka kuisoma.

Nasi Waafrika tunao wetu. Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu, aliyeongoza vita vya Waasante dhidi ya Waingereza mwaka 1900, alipelekwa Shelisheli na kufia huko 1921. Visiwa hivyohivyo viliwafunga wafalme Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, katika bahari yetu hiihii. Namngoja mwandishi wa Kiswahili atakayeachana kidogo na bunduki za 1900, afike Mahé, huko Shelisheli, miaka kumi baadaye, na kumkuta mwanamke mzee akiulizia bei ya samaki kwa lugha ambayo si yake. Aanze hapo, wala asiharakishe.