Kuuliza Mlo kwa Simu: Walivyofanya Mugunga

Mwaka 2013 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianzisha mradi wa mVAM, wa kuwapigia simu wakimbizi wa ndani katika kambi ya Mugunga III, karibu na Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuwauliza familia zao zinakula nini. Kabla ya hapo habari hizo zilifuatwa kwa miguu na kwa gari: wahoji, mafuta, vibali vya usalama, madodoso ya karatasi, kisha kazi ndefu ya kuingiza majibu kwenye kompyuta. Huko Kivu, ambako njia iliyopitika asubuhi inaweza kufungwa jioni, ripoti ilifika ikieleza njaa ya miezi iliyopita.

Wengi wameusifu mradi huo kwa kasi yake. Mimi nausifu kwa yaliyofanyika kabla ya simu ya kwanza kupigwa. Kaya zilihojiwa kwanza ana kwa ana, zikagawiwa simu, na watu wakapatiwa mahali pa kuchajia kwa umeme wa jua. Ukipiga namba za waliokuwa na simu tangu mwanzo, umekwisha kuwachagua wenye nafuu. Watakwimu hujaribu kusawazisha kwa kuyaongezea uzito majibu ya maskini wachache waliopatikana, lakini maskini mwenye simu na maskini asiye nayo hawali sawa, na hesabu haiwezi kumsemea mtu ambaye hakuulizwa kabisa.

Kipimo kikuu katika kazi hii ni alama za matumizi ya chakula. Mhoji huuliza kila kundi la chakula limeliwa siku ngapi katika siku 7 zilizopita, kisha siku hizo huzidishwa kwa uzito wa kundi: nafaka na mizizi 2, kunde 3, mboga 1, matunda 1, nyama na samaki 4, maziwa 4, sukari 0.5, mafuta 0.5. Kwa viwango vya kawaida, kaya yenye alama zisizozidi 21 iko hoi, isiyozidi 35 iko ukingoni, na iliyopita hapo inahesabiwa kuwa inakula vya kuridhisha.

Tuchukue kaya ya mfano. Bugali kila siku, alama 14. Sombe, yaani kisamvu, kila siku, alama 7. Maharagwe siku 2, alama 6. Mawese siku 5, alama 2.5. Jumla 29.5: ukingoni. Mama anaongeza kuwa siku 3 sombe ilipikwa na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Zikiandikwa siku 3 za samaki, zinaingia alama 12, jumla inakuwa 41.5, na kwenye ripoti familia hiyo haina shida tena. Ila kanuni ya kipimo iko wazi: samaki kidogo wa kukoleza mboga huhesabiwa kiungo, si samaki. Hatima ya kaya hiyo inategemea swali moja la nyongeza: “Mama, ile sambaza ilikuwa ya kula ao ya kutia ladha tu?” Mhoji anayejua Kiswahili cha Goma na sufuria za Goma ataliuliza. Ujumbe mfupi wenye nafasi ya herufi 160 hautaliuliza, hata ukitumwa mara ngapi.

Mwaka 2014 Ebola ilipozikumba Sierra Leone, Liberia na Guinea, wahoji hawakuweza kuingia vijijini, na WFP ikategemea ujumbe mfupi. Hapo ilikuwa busara kulegeza swali lenyewe. Watu waliulizwa ni siku ngapi walilazimika kula chakula wasichokipenda, kukopa chakula, kupunguza kiasi cha mlo, kupunguza idadi ya milo, au watu wazima kujinyima ili watoto wale. Mambo matano, kila moja hujibiwa kwa tarakimu moja. Hayasemi nini kimo sahanini, lakini yanaonyesha shida inakoelekea.

Anayetaka gramu na virutubisho bado anahitaji mtu akae na mpishi na kumrudisha hatua kwa hatua katika saa 24 zilizopita. INDDEX24, programu iliyotengenezwa na mradi wa Chuo Kikuu cha Tufts na kujaribiwa Vietnam na Burkina Faso, inafanya hivyo kwa kishikwambi. Iliondoa karatasi, na mhoji akabaki.

Kuna jambo ambalo takwimu nyingi za simu hulipita haraka mno. Katika nyumba nyingi simu hukaa mfukoni mwa baba, naye hujibu kwa niaba ya wote. Anajua alichotengewa mezani. Kwamba mkewe alijipakulia ukoko, au alisema ameshiba, huenda hajui, na hapo swali zito kuliko yote matano, lile la watu wazima kujinyima, linapata sifuri. Kila jedwali la aina hii lingepaswa kuwa na safu mbili zaidi: nani alipokea simu, na nani alipika.